Nailoni Juu ya Maharage ya Mama

Mwaka huo baridi ya mwezi wa saba ilifika Malindi, hii ya milimani si ile ya pwani, kama mgeni asiye na adabu. Haikubisha hodi, wala haikuaga ilipoondoka. Asubuhi ungekuta kabichi zimevaa weupe, ule ambao vitabu vya shule huuita sakitu na wenyewe wa Malindi huuita barafu tu, yakaisha. Ikifika saa sita jua linawaka mpaka mbwa anahamia chini ya ghala. Jioni ukungu tena. Mtu mwenyewe alikuwa hajui avae nini, sembuse mmea usio na sweta.

Modesta alikuwa na miche tisa ya maharage nyuma ya jiko lake, kwenye kipande cha ardhi kisichozidi mikeka miwili. Alipanda mbegu kumi na nne mwanzoni mwa mwezi wa sita, kwa mvua ndogo ambazo huku huitwa mluati. Hizo kumi na nne ndizo pekee zilizobaki nzima kibuyuni baada ya wadudu kupita. Mbili hazikuota. Moja ilifukuliwa na kuku wa jirani. Mbili nyingine ziliota vizuri, zikanyanyua majani, baridi ikazichukua usiku mmoja.

Hayakuwa maharage ya dukani. Yalikuwa mekundu ya kukolea, na kwenye jicho yana mstari mweupe mwembamba kama uzi wa kushonea. Mama yake aliyafunga kwenye pindo la kanga yake siku Modesta alipotoka Mlalo kuja kuolewa na Benjamini, akamwambia: "Mbegu haiuzwi, Modesta, wala haitumwi. Inatoka mkono huu inaingia mkono huu. Na anayepokea hasemi asante. Akisema asante, haioti." Miaka hamsini na mmoja Modesta aliyapanda bila kukosa. Kijiji kizima kiliyaacha, wakafuata mbegu za pakiti zinazozaa haraka. Benjamini naye alikwenda zake, amelala pale kwenye kona ya migomba. Maharage yakabaki kwake peke yake, na yeye akabaki nayo.

Kila jioni alikata majani ya kangaga pembeni mwa msitu, akaja kuyalaza juu ya vijiti alivyovipinda kama mgongo wa paka. Asubuhi aliyaondoa, lakini si yote kwa mpigo. Alianza upande wa magharibi, akaacha ule wa mashariki mpaka saa tatu, ili jua lisiyapige majani ya maharage yangali na baridi ndani. Jani lililoganda likipigwa na jua ghafla huwa jeusi. Hilo hakufundishwa na mtu. Alilijua kwa kupoteza.

"Mama Paskali," Salma, yule jirani mwenye kuku, alimwambia siku moja akipita na beseni la karoti, "hata mimi mama yangu hakunifunika hivi."

"Ndiyo maana umekuwa mkorofi."

Salma alicheka mpaka akaliweka beseni chini. Ndiye aliyemletea habari pia. Paskali, mtoto pekee wa Modesta, aliyehamia Arusha na hajapanda mlima huu mwaka wa tatu sasa, alimpigia mume wa Salma alipokuwa sokoni: Loveness anaolewa mwezi wa kumi na mbili. Mama awe kwenye jiwe Jumapili saa tatu asubuhi, wataongea naye wote.

Simu huku chini haishiki. Inashika kule juu, kwenye jiwe kubwa lililo njiani kwenda kanisani, nusu saa kwa miguu ya mtu mzima. Watu wanaliita Jiwe la Simu.

Modesta hakulala vizuri siku zile, na si kwa baridi. Loveness, mjukuu wake mmoja, anaolewa! Basi maharage yana pa kwenda. Atamwambia aje mwenyewe ayachukue, mkono kwa mkono. Ikizaa miche yote tisa, atampa konzi nzima. Ikifa, mjukuu atakuwa ameolewa mikono mitupu, na uzi ule mweupe uliotoka Mlalo utakuwa umekatikia kwake.

Jumamosi jioni upepo ulikufa. Mbingu ikawa safi, haina hata wingu la kufuta machozi, na ukitoa pumzi unaiona. Modesta akajua barafu inakuja. Kangaga peke yake haitoshi. Salma naye alijua, maana alikuja kabla ya magharibi na kipande cha nailoni kilichobaki kwenye kitalu cha mume wake.

"Tandika hii juu, uigandamize kwa mawe pembeni. Ila Mama Paskali, sikiliza. Ukiona jua tu, funua. Hii si kangaga. Hii ni sufuria."

"Nimekusikia, mwanangu."

"Mimi alfajiri naenda sokoni Soni na karoti. Sitakuwepo kukukumbusha."

"Nimesema nimekusikia."

Alfajiri ardhi ilikuwa nyeupe mpaka kwenye kizingiti. Modesta alichungulia chini ya nailoni, akaikuta miche yote tisa imesimama, kijani kibichi, mitatu ina maua. Alitaka kuimba. Lakini ukungu ulikuwa mzito, haoni hata migomba ya Benjamini, na baridi ilikuwa bado inang'ata vidole. Akifunua sasa, atakuwa amefanya kazi ya bure. Ukungu wa mwezi wa saba ukiwa mzito hivi, alivyoujua yeye tangu aje Malindi, hauondoki kabla ya saa sita. Ataongea na watoto, ataingia ibadani, atarudi, atafunua. Akavaa kanga yake ya kanisani, akachukua fimbo na simu yake ya kitochi, akaanza kupanda.

Kwenye jiwe aliwakuta watu wanne au watano, kila mmoja ameinamia simu yake. Baba mmoja alikuwa anamwimbia mtoto wa mbali. Binti mmoja anagombana na mtu, anacheka huku anagombana. Modesta alikaa pembeni, kitochi kiko kiganjani, akikitazama kama mtu anayetazama chungu kichemke. Saa tatu ikafika. Ikapita. Wale wengine walimaliza maongezi yao, wakaaga, wakaenda ibadani. Akabaki na jiwe.

Kisha akahisi joto shingoni.

Aligeuka. Ukungu ulikuwa umepasuka katikati kama shuka kuukuu, na jua limeingia lote. Huko chini aliliona bati la nyumba yake, na nyuma ya jiko kitu kidogo kinang'aa. Nailoni. Inang'aa mpaka inaumiza macho.

Akasimama. Akakaa. Akasimama tena. Salma yuko Soni. Hapa jiweni hakuna wa kumtuma, na kule nyumbani hakuna wa kufunua. "Dakika tano tu," akajiambia. Akazingoja. Akazingoja nyingine. Halafu akashika fimbo, akaanza kuteremka, mkono mmoja ameinua simu juu kama mtu anayevuka mto na mzigo. Alipofika kwenye kona, pale ambapo ukipiga hatua mbili zaidi simu inakufa, ikalia.

"Mama, shikamoo. Utusamehe, jana tulikuwa na kikao cha harusi, tumechelewa kuamka."

"Marahaba, baba. Loveness yuko wapi?"

"Huyu hapa."

"Bibi, shikamoo!"

Sauti ile! Mara ya mwisho ilikuwa ya kitoto. Modesta akafumba macho. Jua lilikuwa linampiga utosini, naye alijua linapiga wapi kwingine.

"Marahaba, mjukuu wangu. Marahaba."

"Bibi, unahema kama unakimbia."

"Nimesimama. Nimesimama kabisa. Loveness, nina maharage yako."

"Maharage? Bibi jamani, Arusha maharage tele! Usijisumbue. Au mpe kondakta, baba atayapokea stendi."

"Ya mbegu. Ya mama yangu. Hayatumwi, unakuja kuyachukua."

Loveness akacheka, kicheko kizuri tu, hakikuwa na ubaya ndani. "Bibi, tutakaa ghorofa ya tatu. Nitayapanda wapi, kwenye beseni?"

"Hata kwenye beseni yanaota."

"Haya bibi. Tukipata nafasi." Akaanza kueleza habari za gauni, za keki, za ukumbi wenye viti vilivyovalishwa vitambaa. Modesta alisikiliza. Angeweza kusema, ngoja, maharage yanaungua. Hakusema. Hatua mbili mbele sauti itakatika, na hajui itarudi lini. Akasimama palepale, akaisikiliza keki yote mpaka simu ikakatika yenyewe.

Aliteremka kwa haraka ambayo magoti yake hayakuwa nayo. Kengele ya kanisa ililia nyuma yake, hakugeuka.

Nailoni ilikuwa imejaa jasho kwa ndani. Alipoinyanyua, mvuke ulimpiga usoni kama amefunua chungu cha magimbi. Miche sita ilikuwa imelala, majani yamelegea kama mchicha uliochemshwa. Pembeni kabisa, pale jiwe moja lilipoteleza na kuacha mwanya, mitatu ilikuwa imeinamisha vichwa lakini mashina yana uhai bado.

Hakulia. Alivua kanga ya kanisani, akaifunga kwenye vijiti viwili iifanyie miche kivuli, na kwa kuwa upande wa tatu haukuwa na kijiti, akakaa chini, akaushika kwa mkono wake.

Hivyo ndivyo Salma alivyomkuta saa tisa.

"Mama Paskali! Si nilikwambia ukiona jua?"

"Nililiona."

"Sasa?"

"Nilikuwa naongea na Loveness."

Salma alitazama ile sita iliyolala. "Atakuja?"

"Atakaa ghorofa ya tatu."

Salma aliweka beseni tupu chini, akaketi kwenye udongo, akaushika ule upande wa kanga. "Lete. Mkono wako umeshachoka."

Mwisho wa mwezi wa tisa, maganda ya ile miche mitatu yalikauka yakaanza kulia yakitikiswa. Modesta aliyapukuchua juu ya ungo, punje thelathini na moja, kila moja na uzi wake. Akamwita Salma, akamwambia atoe viganja, akammiminia kumi na tano. Salma alifungua mdomo. Akamtazama yule mama, akaufunga. Akafunga na viganja, akaondoka bila neno, anatembea polepole kama aliyebeba maji.

Zilizobaki Modesta alizichanganya na majivu, akazitia kibuyuni. Miaka yote kibuyu kile kilining'inia juu kabisa darini, kwenye moshi, mahali anapopajua yeye tu. Safari hii alikitundika chini kidogo, usawa wa bega, mkabala na mlango, ambapo mtu aliyekuja mara moja tu angekiona bila kuelekezwa. Kisha akafunga mlango, maana baridi ya jioni ilikuwa imeanza tena.