Benchi la Wageni

Chumba cha wazee wa ibada kilikuwa na viti tele, lakini hakuna aliyemwambia akae. Binti alisimama pembezoni mwa kapeti. Nyuma yake, Mama Mkubwa, dada wa marehemu mama yake, aliegemea mlango, viatu mkononi, kwa kuwa kapeti lilikuwa jipya na miguu ya maskini haiaminiki.

Mama yake alikuwa mochwari. Mhudumu wa huko alishasema bila kuinua macho: asipochukuliwa kufikia Jumatano, atazikwa na wale wasio na watu, shimo moja la manispaa. Ukoo haukuwa na ardhi hata ya kupanda bamia. Baba alilala kwenye makaburi ya waumini, nyuma ya ukuta wa chumba hiki, na ubavuni pake paliachwa nafasi ya mkewe.

Mwenyekiti wa wazee alisukuma simu yake hadi ukingoni mwa meza.

"Huyu ni nani?"

Ni picha iliyokwishazunguka kwa waumini wote. Binti ameketi chini katika nyumba ya ibada ya watu wengine, kichwa kimefunikwa, macho chini.

"Ni mimi, baba."

"Uliwafuata nini wale?"

"Ilikuwa kazi ya chuo. Nasoma dini za ulimwengu. Kila mmoja anatumwa kwenye ibada isiyo yake, anakaa, anaandika anachokiona. Sheria ni moja, mtazamaji hashiriki. Sikuomba nao."

"Kichwa ulifunika."

"Ni heshima tu, baba. Hata kwa jirani mtu anavua viatu."

Mama Mkubwa alikohoa. Kilikuwa kikohozi cha nyamaza wewe.

"Samaki hukunjwa angali mbichi," alisema mwenyekiti kwa upole. "Mama yako alikunja nguo zetu vizuri sana, akasahau kukukunja wewe. Tulimwita. Tukamwambia akutoe huko, la sivyo tunamfuta. Unajua alitujibu nini?"

Alijua. Siku ile mama alirudi nyumbani akicheka, akatia mkaa kwenye pasi. "Nimewaambia, Mungu niliyemfulia majoho tangu sijaolewa, hawezi kuogopa kitabu chako, Profesa." Profesa ndilo jina alilomtania nalo tangu alipojiunga na chuo. Jina la mama lilifutwa kwa waumini. Majoho yaliendelea kuletwa.

Kisha kifua kikambana. Usiku wa mwisho alimshika mkono, akasema kwa vipande vya pumzi, "Wakikwambia uchague, usinichague mimi. Mimi nitalala popote. Wewe maliza."

"Tutamzika," alisema mwenyekiti. "Sisi si wanyama. Ila kabla ya udongo utasimama mbele ya watu, useme ulipotea na masomo hayo umeyaacha. Na huko chuoni hurudi."

"Nimebakiza muhula mmoja tu, baba."

"Na mama yako amebakiza siku mbili tu."

Nje, Mama Mkubwa alivaa viatu polepole. "Sema tu, mwanangu. Ulimi hauna mfupa."

"Mama alinikataza."

"Mama yako hawezi kukataza tena. Mimi je? Siku yangu nayo inakuja. Ukiwachafua, nitazikwa wapi mimi?"

Binti alimtazama usoni. Aliona hofu ya mauti imeshamkalia mama huyu naye machoni, akaona hana haki ya kumaliza chuo kwa kumnyima mtu kaburi. Akalia hapo hapo barabarani, kwa sauti, kama mtoto.

Jumatano lilitokea basi la chuo. Alikuwa amesahau kabisa. Mwanzoni mwa muhula, kabla ya ile picha, aliliombea darasa lake ruhusa ya kutazama ibada ya kwao, akawa na fahari. Mwenyekiti alikubali mara moja, kwani mgeni wa leo ni muumini wa kesho. Sasa wenzake walishuka na madaftari yao, wakakuta jeneza. Wengine walikuwa wa dini ile ile ya kwenye picha. Wote walikuwa wamefunika vichwa.

"Tazameni heshima ya wageni wetu!" mwenyekiti aliwaambia waumini. "Wapeni benchi la mbele."

Mwenyekiti alikuwa amevaa joho la mazishi. Mkononi, toka begani hadi kwenye kifundo, ulishuka mkunjo mmoja mnyoofu wa pasi. Mama alikuwa ameupiga wiki moja kabla ya kulazwa.

"Nilipotea," alisema binti.

"Sauti. Wageni hawasikii."

"Nilipotea. Masomo nimeyaacha."

Kwenye benchi la wageni, rafiki yake waliyemwita Maswali aliinuka nusu, machozi yakimtiririka. Mhadhiri alimgusa bega. Maswali akaketi. Mikono ilikosa pa kwenda, ikaanza kuandika.

Binti aliinama, akachota konzi ya udongo.

"Hapana," alisema mwenyekiti. "Aliye kwenye adhabu haweki udongo. Mwaka mmoja utaketi nyuma kabisa. Wageni, karibuni, wekeni ninyi."

"Ahsante, mzee," alisema mhadhiri. "Sisi tunatazama tu."

Makoleo yakamaliza kazi. Watu walipotawanyika, binti alikuwa bado amesimama, ngumi imefumbwa. Mwenyekiti alivua joho, akalikung'uta pindo, akamtundikia kwenye mkono ule mwingine.

"Limeshika udongo," alisema. "Nitalihitaji Ijumaa."