Kiti Kilichokuwa Kikishuka

Kama kuna mume aliyempenda mkewe kwa msumeno na gundi, basi ni Mzee Randa. Alikuwa fundi viti, miaka arobaini na mitatu katika karakana iliyo nyuma ya nyumba yao, na kila mkewe alipotimiza mwaka alimpa zawadi ileile: alikinyanyua kiti chake kidogo. Alibandika kipande cha mbao chini ya kila mguu, akapiga msasa, akapaka vanishi, akasema, "Keti, Bibie, uone raha." Na raha ilikuwepo kweli. Bibie hakuhitaji kuinama wala kujikongoja, aliteleza tu mbele akajikuta amesimama. Fundi naye hakujisahau, kila mwaka stuli yake ya kazi aliipandisha vilevile. Mwishowe kiti cha Bibie kikafika sentimita sitini na mbili, miguu ya mwenyewe ikawa inaning'inia. Majirani wakakiita kiti cha enzi, na Mzee Randa akavimba kichwa.

Kichwa hicho kilimshuka siku ya kliniki.

Aliyewapeleka ni binti yao, mwalimu wa hesabu, maana mama alikuwa ameanza kusahau. Alisahau jiko likiwaka. Alisahau jina la mjukuu. Juzi redio ilitafutwa nyumba nzima, ikaja kukutwa ndani ya friji, inasoma taarifa ya habari bila wasiwasi wowote. Muuguzi, dada mmoja mchangamfu, alimpa Bibie maneno matano ayashike kichwani, kisha akamwonyesha kiti cha kawaida cha pale kliniki.

"Keti, Bibi. Sasa simama mara tano, mikono kifuani."

Bibie akajiinua, akarudi puu. Akajiinua tena, puu. Mara ya tatu akamkata mumewe jicho, kwamba wewe si fundi, hebu fanya kitu. Na katika yale maneno matano alilikumbuka moja.

"Mapaja yamelegea," muuguzi akasema. "Uzee hula misuli, na isiyotumika ndiyo huisha haraka. Na mara nyingi miguu na kichwa huenda pamoja. Wanaopoteza nguvu za misuli ndio tunaowaona wakipoteza na kumbukumbu zaidi ya wenzao. Siwaahidi miujiza, lakini mazoezi yanaweza kusaidia huku na huku. Ainuke, aketi, ainuke. Ale mayai na maharage. Kwani nyumbani anakalia kiti gani?"

Mzee Randa akaanza kuikagua dari.

"Baba," binti akasema walipotoka nje, "nawapa miezi mitatu. Tukirudi akiwa hivihivi, Mama namchukua akakae kwangu. Wewe peke yako hutamweza."

Kwake kulikuwa safari ya kutwa nzima kwa basi, ghorofa ya nne, na hapakuwa na mahali pa kuweka hata nyundo. Mzee Randa aliogopa. Miaka hamsini hajawahi kunywa chai ya asubuhi peke yake, na hakuwa na hamu ya kujifunza.

Bibie kwa upande wake alikataa mazoezi katakata. "Mimi si askari, niinuke niketi kwa amri."

"Basi," alisema fundi, mpole ajabu, na usoni tayari ana ujanja.

Jumamosi asubuhi Bibie huoga kwa kuimba, na nyimbo zake ni ndefu. Alipoingia tu bafuni, mumewe alikipindua kiti cha enzi miguu juu. Alishapiga hesabu: kiti kimezidi cha kliniki sentimita kumi na nane, akikata moja na nusu kila Jumamosi, Jumamosi kumi na mbili zinatosha. Krr, krr, krr, krr. Vipande vinne akavitupa kwenye ndoo ya mabaki, akafagia unga wa mbao, akakaa kando anapiga mluzi wa mtu asiye na hatia.

Halafu ikaja dawa ya pili.

"Bibie! Njoo unishikie futi!"

Bibie akainuka, akaenda karakana, akashika ncha ya futi mlango ukapimwa, akarudi kuketi. Hajatulia, "Bibie! Futi!" Mara kumi kwa siku.

"Huo mlango kwani unakua?" akauliza siku ya nne.

"Mbao mbichi hiyo, haiaminiki."

Wiki zikaenda. Bibie akalalamika kwamba sakafu siku hizi inapanda, mumewe akamjibu kwamba nyumba za zamani ndivyo zilivyo. Wiki ya tano aliinuka bila kushika kitu, Mzee Randa akajikuta anapiga makofi, ikabidi asingizie mbu. Wiki ya tisa alikwenda dukani kwa miguu na akarudi na kilekile alichokifuata. Siku hiyo fundi alijifungia karakana akacheza peke yake, na randa mkononi.

Siku ya kliniki ikawadia. Muuguzi akampa maneno mengine matano, kisha Bibie akaketi, mikono kifuani. Moja. Mbili. Tatu. Binti kajiuma mdomo. Nne. Tano! Akaongeza ya sita, ya kuringa, na kiuno akakitikisa kidogo.

"Na yale maneno, Bibi?"

"Kofia. Mto. Daraja. Ndizi." Akakuna kichwa. "La tano lilikuwa na mkia."

Muuguzi akacheka mpaka kalamu ikamwanguka. Alisema kusahau hakujaisha na huenda kukazidi, lakini kwa sasa Bibi yuko vizuri, aendelee. Binti, machozi yanamlengalenga, akasema, "Haya Mama, baki. Ila nitapiga simu kila siku."

Walipofika nyumbani Mzee Randa alikuwa hajiwezi kwa furaha. Akajitupa kwenye kiti cha enzi, ambacho sasa kilikuwa kiti tu cha sentimita arobaini na nne. Akataka kuinuka. Puu. Akajaribu tena. Puu!

"Bibie, nipe mkono."

"Mkono sitoi." Bibie akaenda chumbani, akarudi na kopo la biskuti, akamwagia mapajani vipande vya mbao, vyembamba, vimekatwa kwa msumeno. "Nimeviokota kwenye ndoo yako, vinne vinne, tangu Jumamosi ya kwanza. Mtu ateremshwe kitini mwake asijue?"

Fundi akaokota kimoja, akakigeuzageuza. "Na mbona ulinyamaza?"

"Ulikuwa unafurahi mno kunidanganya. Nikasema nisikuharibie. Na nikasema, nikiweza kuhesabu hivi bila kukosea, basi bado nipo." Akavitazama. "Vilitakiwa viwe arobaini na nane. Viko arobaini na saba. Kimoja nimesahau nilikoweka."

Wakatazamana. Palepale Mzee Randa kicheko kikamtoka, na mkewe naye akaangua, wakacheka mpaka vipande vikatapakaa sakafuni. Kisha mzee akakunja mikono kifuani, akajiinua, akarudi puu, akajiinua, puu, na mara ya tatu akasimama mwenyewe, anatetemeka, Bibie anamhesabia.

"Haya, tukakitafute," mzee akasema.

Friji ndiyo waliyoifungua kwanza. Kilikuwa kwenye trei ya mayai.