Nguzo Fupi ya Usangu

Mwalimu Danieli aliwasha projekta, na ukuta wa ukumbi wa chuo cha uuguzi pale Mlandege ukajaa nguzo za rangi, mchoro wa wastani wa alama za mtihani. Nguzo ndefu ilikuwa ya shule za mjini. Ile fupi iliandikwa Usangu, kwetu.

"Hawa ndio tunaowatengea nafasi," alisema. "Mabinti wa wafugaji. Tazameni wastani wao. Kesho huyu ndiye atakuchoma sindano."

"Atakuchoma kama anachanja ng'ombe," mama mmoja nyuma yangu alisema. Wazazi wakacheka.

Baba yetu, mzee Nkuba, hakucheka. Mdogo wangu Minza alikaa katikati yetu, mikono mapajani. Alitaka kusomea uuguzi. Kwa nafasi za kawaida alipungukiwa alama moja. Kwa zile zilizotengwa alikuwa amevuka.

Mimi shule niliachia darasa la tano, nikabaki na maji na ndama. Lakini ile picha niliielewa, na ndiyo maana damu ilinichemka. Kwetu mtoto akionekana ana akili, hafanyii mtihani shule ya kata. Mwaka wa mwisho anahamishiwa kwa ndugu mjini. Minza alisoma Usangu miaka yote, mingine akikaa sakafuni, kisha baba akampeleka kwa shangazi mjini Mbalizi amalizie huko. Alama zake zilikuwa ndani ya nguzo ndefu. Na za Justine, mtoto wa jirani yetu Seni, pia. Walichukua vichwa vyetu wakarefusha nguzo yao, halafu wanatucheka kwa ufupi wetu.

Mkuu wa chuo, mama Benedicta, akainua mkono watu wanyamaze.

"Minza Nkuba amefanyia mtihani Mbalizi, lakini ameomba nafasi ya Usangu. Tunahesabu pale mtoto alipokulia na kusoma zaidi. Mzee, binti huyu ni wa wapi?"

Baba alisimama. Alitazama nguzo fupi, akawatazama waliokuwa wakicheka, akanyoosha koti lake.

"Wa Mbalizi," alisema. "Binti yangu si wa hao."

"Umesikia, mama mkuu?" Danieli alisema. "Hata wenyewe wanajikana."

Minza akainamisha kichwa. Nikamvuta baba koti.

"Tulia," alininong'oneza. "Wewe umesoma nini?"

Mimi kwa haya, hata dukani humtuma mtu aniulizie bei. Nilisimama.

"Baba anadanganya."

Ukumbi wote ukanigeukia.

"Sema tena, mwanangu," mama Benedicta alisema.

"Anadanganya. Minza ni wa Usangu. Mbalizi alikwenda mwaka wa mwisho tu."

Nilitaka kusema na habari ya ile nguzo, lakini Danieli aliniwahi.

Akamgeukia Minza. "Binti, ukiingia kwa mlango huo, miaka yote utaitwa wa upendeleo. Unajua?"

"Niite unavyotaka, mwalimu," Minza alisema. "Mradi niingie darasani."

Mama Benedicta akatikisa kichwa kukubali, akaita jina lililofuata.

Baba alikuwa ameshatoka. Tulimkuta nje ya geti, ametugeuzia mgongo.

"Umenivua nguo mbele ya watu," aliniambia.

Siku nyingine ningepiga goti niombe radhi. Siku hiyo nilibaki wima.

"Wamekucheka kidogo tu, baba, ukamtupa Minza," nikasema. "Na kesho wakikucheka tena?"

Nikamshika mdogo wangu mkono, tukatangulia.