Shati Jeupe la Gitak

Tamthilia ilianza tulipomaliza kula. Mama alikuwa ameketi sakafuni akikata vikonyo vya pilipili kavu kwa mkasi, mimi nyuma yake. Wiki nzima televisheni ilikuwa imeitangaza: kisa cha kweli cha mtuhumiwa wa mauaji anayesakwa hadi leo. Majina yalibadilishwa, lakini wilaya yetu nzima ya Gwesan ilijua kwamba mtoro ni kaka yangu Gitak, na aliyechomwa kisu ni Pyo, mwenye duka la mbolea.

"Wamempa mwigizaji mzuri," Mama alisema. "Pua ile kaka yako aitoe wapi?"

Nilitazama kama ninavyofanya kazini, ninakopima maji ya visima: nikitafuta kosa. Jioni ya mauaji nilikuwa nyumbani. Nilimwona Gitak akiingia sebuleni na shati jeupe lisilo na tone la damu. Niliwaeleza polisi hivyo. Nilimweleza na mchumba wangu, ambaye hakuniamini, akaondoka. Kila aliyenicheka nilimjibu vilevile: sisemi kwa sababu ni kaka yangu, nasema nilichokiona.

Kwenye skrini, mwigizaji alikuwa akikata nyasi za kaburi la baba yake siku chache kabla ya sikukuu ya mavuno. Alitumia mundu, kwa mkono wa kushoto. Akamwagia tuta pombe ya mchele, iliyobaki akanywa, akatokomea msituni.

Tangu Gitak akimbie, kila mwaka mimi na Mama tulifika na mashine ya kukatia nyasi tukakuta kaburi limeshakatwa, mabua yamelalia upande wa mtu wa shoto, kama Gitak. Tuliweka matunda, tukainama, tukarudi. Hatukuwahi kulitaja jambo hilo, hata sisi wawili.

"Mama, nani kawaambia?"

"Tazama. Bado haijaisha."

Tamthilia ikarudi kwenye jioni ya mauaji. Mwigizaji aliingia kwa mlango wa nyuma. Mama yake akamvua shati la damu, akamwosha mikono bombani, akamvalisha shati la marehemu baba. Lilimpwaya mabegani, kama nilivyoliona siku ile. Shati la damu likaingia motoni, chini ya sufuria ya soya. Kisha dada akatokea sebuleni, akasema, "Kaka, wali umepoa." Ni maneno yangu yaleyale.

"Na hilo?"

"Ni kweli."

"Ulijua, na bado ukaniacha niende polisi?"

"Ulisema vizuri, Sonhwa. Mimi ningetetemeka." Mkasi haukusimama. "Na wewe ungejua, ungetetemeka. Ndiyo maana hatukukuambia."

"Wewe na nani?"

"Mimi na kaka yako."

Nilizima televisheni.

"Kwa nini umewaambia watu wa televisheni sasa?"

"Ini langu limekwisha. Daktari hanifichi. Nikifa, nani atasimama mbele ya picha yangu apokee wageni? Mtoro haji mazishini. Mfungwa huletwa, hata kwa pingu. Mwana wa mama Chilsong hakuletwa kutoka gerezani?"

"Nipo mimi."

"Wewe binti. Utapakua supu."

"Hiyo supu jipakulie mwenyewe."

Mama alicheka kidogo, kisha akakohoa. "Polisi nao wameona, watamvizia kaburini. Mundu uko ghalani. Ukitaka kumponya, tangulia ukakate wewe. Akiona kutoka mlimani kaburi limeshakatwa, atajua kuna jambo, hatashuka. Sitakuzuia."

Asubuhi nilikwenda na mundu. Nyasi zilinifika magotini. Niliinama, nikashika fungu la kwanza. Nilichokiona jioni ile kilikuwa kweli: shati lilikuwa safi. Walihitaji mtu wa kulisema hilo bila macho kucheza, wakaniandaa mimi, nikiwa ndani nikipakua wali. Gitak alikula wali huo mbele yangu, akaomba kuongezewa.

Nililiachia fungu, nikarudi nyumbani. Mama aliutazama mundu. Haukuwa na hata jani.

Jumamosi jirani yetu, mama Dalsu, aliingia uani akihema. Tangu Gitak atoroke, kijiji kizima kilikuwa kimemwondolea Mama jina la mwanawe wa kwanza, wakimwita mama Sonhwa. Siku hiyo mama Dalsu alisahau.

"Mama Gitak! Mama Gitak wee! Wamemkamata kaburini!"

Mama aliuweka mkasi chini.

"Alikuwa amemaliza kukata?"

"Kumaliza wapi! Amefika nusu."

"Sikukuu ni keshokutwa," Mama alisema, akinitazama. "Baba yako hawezi kukaa vile."

Nilichukua mundu, nikaenda kumalizia. Udongo ulikuwa umevurugwa kwa viatu vingi, na chupa ya pombe ya mchele ilikuwa bado imezibwa. Sikuifungua. Upande wa Gitak mabua yamelalia huku, upande wangu yamelalia kule. Ukisimama barabarani, unaona waziwazi alipoishia.