Mikono Iliyomshika Huguette

Mwaka wa hamsini na tatu watu wa sinema walikuja Versailles kupiga filamu ya kasri, na nusu ya mtaa wetu tukajiandikisha. Walitaka umati wa wenye njaa, wale wa zama za mapinduzi waliotoka Paris kwa miguu wakavunja lango na kumtaka malkia. Mimi ni mwokaji mikate. Mke wangu, Solange, alisema sura yangu imeumbwa kwa kazi hiyo.

Asubuhi ya kwanza tulipanga foleni kwenye mazizi ya zamani ya farasi, tuvalishwe matambara na nywele za bandia. Nilipokaribia mbele ndipo nikamwona anayevisha nywele. Alikuwa Bi Barroyer, mama yake Huguette.

Niseme bila kuzunguka. Agosti ya arobaini na nne, siku Wajerumani walipoondoka, tuliwatoa majumbani wasichana waliokuwa wakionekana nao. Huguette alikuwa na miaka ishirini na mbili. Alinunua mkate kwangu tangu hajafikia meza kwa kimo. Walimkalisha kwenye kiti pale sokoni, mtu mmoja akashika mkasi, mimi nikamshika mikono. Hakuna aliyenilazimisha. Aliniambia, "Mjomba Firmin, niachie." Sikumwachia. Nilicheka na wenzangu mpaka kichwa chake kikabaki kama yai. Wiki tatu baadaye waliopoa maiti yake kwenye mfereji mkubwa wa bustani ya kasri.

Siku ile ya mkasi mama yake alikuwa kwa dada yake, katika mji wa Rambouillet, akarudi jioni. Miaka tisa nilijipa moyo kwamba hajui ni mikono ya nani.

"Kaa," aliniambia.

Nikakaa. Alinivisha nywele chafu za katani, akazibana kwa pini, vidole vyake vikapita nyuma ya masikio yangu kwa upole, kama anavyomfanyia kila mtu. Siku ya pili ikawa vivyo hivyo.

Siku ya tatu nikashindwa kujizuia.

"Bi Barroyer," nikasema, "siku ile ya Huguette..."

"Inamisha kichwa."

"Mimi ndiye niliyemshika mikono."

"Najua." Akachomeka pini. "Aliniambia mwenyewe jioni ile. Aliyemnyoa hakumtaja hata kidogo. Alikutaja wewe tu."

"Nisamehe, mama."

"Nikikusamehe utalala, siyo? Mimi silali." Akanigeuza kidevu, akatazama kama nywele zimekaa sawa. "Haya, ondoka. Kuna watu wanasubiri."

Tukapelekwa kwenye ua wa marumaru, chini ya roshani. Nilipewa shoka la mbao. Berthe, muuza samaki, aliponiona akaangua kicheko. "Firmin, na shoka hilo unakwenda kumuua malkia au kukata jibini?"

Tulipiga kelele mara ya kwanza, mara ya pili. Msaidizi wa mwongozaji, kijana aitwaye Pascaud, akashika kiuno. "Jamani, mmetoka kwenye njaa au mmetoka harusini?"

"Mmetushibisha supu, halafu mnataka njaa!" Berthe akamjibu. Watu wakacheka.

"Nataka hasira! Tena!"

Mlango wa roshani ukafunguliwa, mwigizaji wa malkia akatokea, mweupe, peke yake. Sijui ni kitu gani kilinipanda kifuani. Nikasikia sauti yangu ikipasuka: "Mtoeni! Mtoeni nje, malaya huyo!"

Hayakuwa maneno tuliyofundishwa. Yalikuwa yale tuliyompigia Huguette pale sokoni, neno kwa neno. Majirani zangu waliyatambua. Berthe aliangalia viatu vyake. Nyuma yetu, mlangoni, Bi Barroyer alikuwa amesimama na kitana mkononi.

Pascaud alikuja mbio, uso unamng'aa. "Mzee, wewe ulikuwa umejificha wapi? Mleteni huyu mbele! Sema vilevile, usibadilishe hata kidogo!"

Ningeweza kuvua yale matambara nikaenda zangu. Nilisogea mbele. Nikayasema tena, na tena, mara nane, kamera karibu na pua yangu. Nilipogeuka mara ya mwisho, mlango ulikuwa mtupu. Kesho yake alikuwepo mvishaji mwingine, na baada ya mwezi nikasikia Bi Barroyer amehama na nyumba imefungwa.

Filamu ilifika mjini kwetu majira ya baridi. Nilikwenda na Solange, ambaye siku ile ya arobaini na nne alikuwa kitandani na homa, na mimi sikuwahi kumsimulia yote. Uso wangu ukajaa ukuta mzima, mdomo wazi, mate yakiruka. Ukumbi ukapiga makofi. "Firmin! Firmin!"

Solange aliuondoa mkono wake kwenye mkono wangu.

"Ndivyo ulivyokuwa siku ile sokoni?" akaniuliza.

"Ndivyo."

Akavaa koti lake, akatoka filamu haijafika nusu.

Bado tunaishi nyumba moja. Ananipikia, ananifulia. Wateja wakija dukani huniomba niwapigie ule ukelele wa sinema, na mimi huwapigia, wakacheka, wakachukua mikate yao. Huko juu ghorofani nasikia Solange akifunga dirisha.