Vikombe Vibichi

Nyumbani kwetu kazi ya udongo ilikuwa na wenyewe wawili, na kila mmoja alijua mpaka wake. Mama alifinyanga, Baba alichoma. Mama alikaa kwenye gurudumu, mikono imelowa mpaka viwikoni, na Baba alikuwa upande wa pili wa karakana na ndoo zake za kioo. Kioo ndilo jina letu la ule uji wa majivu na mawe yaliyosagwa ambao chombo huchovywa ndani yake, kisha moto ukauyeyusha na kuugeuza ngozi ya kung'aa. Walipendana sana wazazi wangu, lakini kwa habari ya kioo waligombana mpaka majirani wakazoea.

"Unavivalisha makoti vyombo vyangu," Mama alikuwa akilalamika. "Nani atajua kuna mkono wa mtu humo ndani?"

"Kesho nitakipunguza uzito."

Kesho yenyewe haikufika, ndiyo maana Mama akambandika jina la Bwana Kesho.

Vikombe vya Mama havikuwa na masikio. Alivibonyeza ubavuni kwa kidole gumba udongo ukiwa bado laini, pakabaki kishimo cha kushikia. Bibi yangu, mama yake Mama, kila alipotutembelea hakukubali kunywea chai chombo kingine. Kidole gumba chake kilikaa mle kishimoni sawasawa, hakikupwaya wala hakikubanwa. "Kidole hiki nilimpa mimi," alisema, halafu anatuonyesha, kana kwamba hatujaonyeshwa wiki iliyopita.

Mama alifariki ghafla. Asubuhi ile alimaliza vikombe sita, akavifunika kwa nailoni, akasema anajinyoosha mgongo kidogo. Daktari alisema ni moyo. Mimi mpaka leo nikiona nailoni imefunika kitu napitisha macho pembeni.

Bibi alikuja kwa ajili ya mazishi, akabaki. Baba akamwambia, "Mama, vile vikombe sita vya mwisho nitavichoma, na cha kwanza kutoka ni chako." Tangu hapo kizee cha watu kikawa kinakisubiri kikombe hicho kama mtu anayemsubiri mgeni aliyeahidi kuja.

Baba naye aliapa kwamba vile sita vya mwisho havitavaa koti. Alitaka kioo chembamba, safi, ambacho kila alama ya vidole vya Mama ingeonekana chini yake. Lakini udongo wetu ni mwekundu, na kioo juu yake hupenda kuingia ukungu. Alijaribu majivu ya pumba za mpunga, yakatoka meupe, kama maziwa yaliyomwagika. Alijaribu chupa zilizosagwa, kioo kikajaa nyufa. Majivu ya maranda kutoka kwa seremala jirani yalitoka mazuri kuliko yote, ila yalitiririka yakagandia rafu ya tanuri, ikabidi tuyabandue kwa patasi. Majaribio yote hayo aliyafanya juu ya vigae. Alivichomoa tanurini kwa waya mrefu vikiwa bado vinawaka, akavigeuzageuza mbele ya uso wake, akanuna, akaanza upya.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Kazi yangu ya jioni ilikuwa kumchekechea majivu. Subira sina, nilimwambia waziwazi: "Baba, wakati unatafuta hicho kioo chako, vipitishe angalau moto wa kwanza." Maana chombo kibichi, hata kikauke vipi, bado ni tope lililosimama. Moto wa kwanza ndio unaokifanya kisiogope maji.

"Na kimoja kikipasuka?" akaniuliza. "Nina sita tu, mwanangu. Aliyevifanya sina tena."

"Kwa hiyo utaviangalia tu?"

"Nitavichoma. Kesho nitavichoma."

Niliinama nikaendelea kuchekecha. Vikombe vikabaki kwenye ubao wa dirishani, vumbi la karakana likatanda juu yake siku baada ya siku, na Baba akiogopa hata kulipuliza.

Jumamosi moja mimi na Baba tulikuwa nje, tunalisha tanuri kuni. Ndani ya tanuri mlikuwa na vigae tu. Nilirudi karakana kuchukua waya, nikamkuta Bibi ameketi kwenye kigoda, kanga ameikunja magotini, beseni liko katikati ya miguu yake. Mikono ilikuwa myekundu mpaka kwenye vifundo.

"Mjukuu wangu," akaniita, amekunja uso, "hivi vikombe vina nini? Navipangusa, vinaondoka."

Ubao wa dirishani ulikuwa mtupu.

"Vilishikwa na vumbi," akaendelea. "Nikasema mwanangu hakuwa mchafu, haiwezekani vyombo vyake vikae hivi na mimi nipo. Nikaviloweka vyote, kama ninavyoloweka masufuria. Sasa nikigusa hiki, kinanilegea mkononi."

Nilichungulia. Ukingo wa kikombe kimoja ulikuwa bado unaonekana juu ya maji. Ulilegea nikiutazama, ukainama, ukakaa chini pamoja na wenzake. Yalibaki maji mazito ya rangi ya matofali.

Ulimi wangu hauna breki, kila anayenijua anajua hilo. Maneno yalikuwa yameshafika kwenye meno. Kwa dakika ile nilimchukia, bibi yangu mwenyewe, na mikono yake ile inayotafuta kazi. Lakini Baba alikuwa ameingia nyuma yangu. Mtu ambaye kijiko cha kukorogea kikiwekwa ndoo isiyo yake nyumba nzima hailali, alisimama pale akaangalia beseni. Kisha akapiga magoti mbele ya mkwe wake.

"Pole mama, umejichosha bure," akasema. "Hivyo ni vyangu."

"Vyako?"

"Vyangu. Nilikuwa najifunza kufinyanga, namuiga mwenzangu. Vilikuwa vibovu tu, hata usivisikitikie. Vyake vimo tanurini, vinaungua sasa hivi."

Bibi alishusha pumzi ndefu, mabega yote yakashuka. "Ndiyo maana! Nikajiuliza, mwanangu ataachaje vyombo legelege namna hii?" Akamnyooshea kidole chenye tope. "Wewe baba kaa na moto wako. Kufinyanga hukujaliwa."

"Kweli mama. Sikujaliwa."

Bibi akacheka, Baba naye akacheka, huku ameshika ukingo wa beseni kwa mikono yote miwili. Mimi nilitoka nikaenda nyuma ya tanuri nikalia mpaka kwikwi ikanishika.

Lile tope Baba hakulimwaga. Aliliacha litulie, akamimina maji ya juu, akalitandaza kwenye shuka kuukuu juu ya mbao mpaka likakaza. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, nilimwona Baba ameketi kwenye gurudumu la Mama. Kilichofuata kingechekesha kweli kama kingetokea nyumba ya jirani. Udongo ulimpiga chenga, ukamrukia kifuani, ukamchorea fulana. Aliukusanya, akaukanda, akaanza tena, udongo uleule. Ukuta wa kikombe ulikuwa mnene kama wa sufuria la jeshi, akiupunguza unakunjamana. Alipofika kwenye kishimo cha ubavuni alitazama kidole gumba chake akasikitika. Akaniomba changu. Lakini mikono mimi nimechukua kwake, makoleo matupu. Tukaangaliana tukaviweka vidole vyetu chini.

"Tanuri halijapoa tu?" Bibi akauliza mezani.

"Bado mama. Safari hii moto ulikuwa mkubwa."

Tanuri letu likichelewa sana hupoa kwa siku mbili. Bibi aliuliza tena wiki iliyofuata, akajibiwa vilevile, kisha hakuuliza tena. Mimi nikadhani amesahau, nikausingizia uzee.

Mwishowe kikombe kimoja kikasimama, kishimo chake kimebonyezwa kwa gumba la Baba. Baba hakusema kesho. Kilipokauka tu akakipitisha moto wa kwanza, kikapona. Kwa kioo chake alichukua yale majivu ya seremala, akayachanganya na kijiko cha tope laini lililobaki chini ya beseni, labda lingeyazuia yasitiririke. Na kweli yalitulia. Tulipofungua tanuri kikombe kilikuwa kimevaa ngozi nyembamba ya rangi ya asali, safi kabisa, jicho linapita mpaka kwenye udongo. Baba alikuwa amekipata kioo chake. Chini yake zilionekana alama zote, kila mfereji na kila kosa, nazo zilikuwa za vidole vyake mwenyewe.

Alikishika muda mrefu. "Mwenzangu angekipenda," akasema, akanipa nikakioshe.

Jioni ile nilikijaza chai nikampelekea Bibi. Baba alisimama mlangoni, mikono nyuma, kama mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu. Bibi alikipokea kwa mikono miwili. Kidole gumba chake kikatafuta kishimo, kikaingia, kikapotea mle ndani. Akakisogeza kushoto, akakisogeza kulia. Kulikuwa na nafasi ya kidole kingine. Nilimwona ananyanyua macho kwa Baba, nikashika kiti.

"Ndicho hiki," Bibi akasema. "Mkono wa mwanangu huu. Ahsante, baba."

Baba akaitikia kwa kichwa. Bibi akanywa chai yote.

Nikanyoosha mkono nikichukue nikakioshe, akakivuta kifuani. Akafungua pindo la kanga akatoa kitambaa, kikavu, kimekunjwa vizuri, akaanza kukipangusa, ndani, nje, mle kishimoni.

"Bibi, hicho kimeshaiva," nikamwambia. "Maji hayakifanyi kitu."

"Najua," akasema bila kuinua uso. "Kisiguse maji."

Nilipogeuka mlangoni Baba alikuwa amekaa chini palepale kizingitini, amejifunika uso kwa mikono yake miwili mikubwa. Bibi aliendelea kupangusa.