Mwangalizi Hasemi

Haya alinisimulia mwenyewe, mwaka juzi, tukiwa kwenye benchi la kliniki ya macho. Daktari alichelewa mpaka karibu adhuhuri. Yule bwana aliyekaa kando yangu, mwenye viatu visivyo na vumbi, alianza kwa kuniuliza kama nina watoto wa kiume. Nikamwambia ninao wawili. Akasema, "Mama yangu alikuwa na mmoja tu." Hapo ndipo yalipomtoka yote.

Nyumbani kwao walimwita Mtaalamu. Jina hilo alibandikwa na dada yake, msusi, ambaye mdomo wake ulifanya kazi saa zote sawasawa na mikono yake. Lakini utaalamu kweli alikuwa nao. Miaka kumi na minane alizunguka nchi za watu akifundisha namna ya kusimamia uchaguzi na namna ya kulinda haki ya mtu mmoja mbele ya serikali nzima. Majirani walipomuuliza mama yake mwanao anafanya kazi gani huko, alijibu, "Anafundisha mataifa kuhesabu bila kuiba."

Mama mwenyewe alikuwa mpishi wa shule ya msingi ya pale mtaani, miaka ishirini na sita. Nusu ya mtaa imekuzwa na uji wake. Jiko lake lilikuwa nyuma ya darasa la tatu, mpaka diwani alipouza kipande kile cha kiwanja cha shule kwa mtu wa maghala. Tingatinga lilikuja Jumatatu, watoto wamo madarasani, na sufuria zilitolewa nje zingali zinachemka. Tangu siku hiyo watoto wanasoma na njaa mpaka warudi kwao, na mama akarudishwa nyumbani bila hata barua ya asante.

"Huyu diwani nimemweka kiporo miaka mitano," alikuwa akisema. "Siku ya kura nampasha moto."

Safari hii diwani alipingwa na nesi wa zahanati, jirani yao, ambaye ahadi yake ya kwanza ilikuwa kurudisha jiko. Basi, mama hakuwa na siasa nyingine. Rais awe nani, bunge liwe la nani, hayo aliwaachia wenye redio. Yeye alitaka kura yake ya udiwani tu.

Mwaka ule serikali ilikubali waangalizi kutoka nje, na shirika la Mtaalamu likawa miongoni mwao. Vituo viligawanywa na kompyuta. Alipoiona kwenye orodha yake shule ya mtaani kwao, chumba cha darasa la tatu, alijua la kufanya. Kanuni inasema mwangalizi asipangwe mahali penye ndugu yake. Akipangwa, aseme abadilishiwe. Kwenye mafunzo huwa anairudia kanuni hiyo mara mbili, na wa nyuma wakinong'ona huirudia mara ya tatu.

Hakusema. Alitaka mama amwone akiwa kazini, mara moja tu. Mwanamke yule alikuwa amemsomesha kwa mwiko, na hakuwahi kuona kile alichomsomeshea.

Akampigia simu.

"Utakuja na hao wageni wako?" mama akauliza.

"Nitakuja, mama, ila hatutasalimiana. Kazi ile ina masharti yake. Mwangalizi hasemi, hagusi, haingilii."

"Hata shikamoo nisipewe?"

"Hata shikamoo."

Mama akacheka. "Haya, tutaonana kwa macho. Nitavaa vizuri."

Siku yenyewe madawati yalikuwa yamesukumwa ukutani, na ubaoni hesabu za kugawanya zimefutwa nusu. Mtaalamu na mwenzake, wamevaa vizibao vya uangalizi, walipewa viti vya watoto, magoti yakawa karibu na kidevu. Mwenzake alikuwa mama mmoja mrefu, mgeni, ambaye madereva walimpa jina la Daktari wa Kura, kwa namna alivyokuwa akiyapapasa masanduku kama anayetafuta mapigo ya moyo. Kila mmoja alikuwa na fomu yake ya maswali arobaini na mawili. Nesi alikuwa na wakala wake mle ndani; saa mbili askari alimtoa, akisema barua yake haina muhuri. Mtaalamu akaandika. Aliyebaki dirishani ni wakala wa diwani peke yake, simu mkononi.

Mama aliingia saa nne. Alikuwa kwenye foleni tangu alfajiri. Ahadi aliitunza: hakumtazama mwanawe, alipita tu akanyoosha kilemba chake.

Karani akapitisha rula kwenye daftari la majina, akasimama. "Mama, wewe umeshapiga."

"Nimeshapiga nini?"

"Kura. Kuna alama hapa mbele ya jina lako. Umepiga saa moja na nusu."

"Saa moja na nusu nilikuwa nyuma ya fundi baiskeli kwenye foleni, muulize, yupo hapo nje. Na kidole changu ndicho hiki." Akakiweka mezani. Kidole kimejaa makovu ya kisu, lakini wino hamna.

"Wino wa siku hizi unafutika, mama."

"Mwanangu, mimi nimeosha masufuria miaka ishirini na sita. Kinachofutika nakijua na kisichofutika nakijua."

Watu mlangoni wakacheka. Msimamizi wa kituo akaja, mtu mnene aliyefunga muhuri wake kwa kamba shingoni. Hakuwa mkali. Alifungua kitabu cha sheria, akasoma kwa kidole.

"Sheria inasema, kukiwa na ubishi kama huu, mtu wa damu yako mwenye kitambulisho aape mbele yangu, kisha upewe karatasi. Lakini aape kabla hujatoka mlangoni. Ukishatoka, shauri limekwisha. Una mtu?"

Maneno yale Mtaalamu aliyajua kwa moyo. Alikuwa kwenye kamati iliyoyaandika, miaka minane nyuma. Ile "kabla hujatoka mlangoni" aliipigania yeye, wajumbe wengine wakimwambia ni kali mno, ili watu wasiwe wanaletwa kwa malori kuja kuwaapia wasiowajua.

"Binti yangu kajiandikisha kule kwenye saluni yake," mama akasema, "saa hizi yuko kwenye foleni ya huko." Halafu akageuka. "Mtu ninaye. Yule pale."

Chumba kizima kikageuka.

"Yule ni mwangalizi, mama," akasema msimamizi.

"Uangalizi kauanza leo. Uanangu kauanza mwaka wa arobaini na moja huu."

Daktari wa Kura hakuijua lugha. Akainama akanong'ona kwa lugha yao ya kazini: "Anasema nini?"

"Kuna ubishi wa jina," Mtaalamu akamjibu.

"Mwanangu," mama akaita, tena kwa sauti ya chini kabisa, ile ya kumwamsha mtoto asishtuke. "Vua hicho kizibao uje useme mimi ni nani. Ni hatua nne tu."

Mkono wa Mtaalamu ulikwenda kwenye zipu. Hilo aliniapia: ulikwenda, akaishika, akaishusha kidogo. Pale dirishani wakala wa diwani alikuwa ameshainua simu kupiga picha. Mtaalamu akaiona kesho yake yote: gazetini, mwangalizi avua sare kumpigia debe mpinzani, ripoti ya nchi nzima kutupwa, kazi ya watu mia mbili kwenda na maji kwa sababu ya kura moja ya udiwani. "Na hayo yote yalikuwa kweli, bibi," akaniambia, "hakuna hata moja nililojidanganya." Mkono ukashuka.

Akajituliza kwa fomu. Swali la ishirini na tisa: je, kuna mpiga kura aliyekataliwa? Akaweka alama kwenye ndiyo. Chini yake akaandika: mwanamke, mzee, kidole hakina wino, daftari linaonyesha ameshapiga. Aliandika kwa mwandiko mzuri. Alijiambia kuwa hapo ndipo anapomsemea, na atasomwa na dunia nzima.

Mama akamtazama akiandika mpaka akamaliza.

"Anaandika," akamwambia msimamizi, kama mzazi anayemwombea mtoto radhi ugenini. "Tangu mdogo anapenda kuandika."

Akatoka mwenyewe, bila kuguswa na askari.

Mpaka kituo kinafungwa, wazee wengine kumi na wanne walirudishwa kwa maneno yale yale. Wote aliwaandika.

Siku ya tatu asubuhi matokeo yakabandikwa. Nesi alikuwa ameshindwa kwa kura kumi na moja. Hotelini, kwenye ukumbi waliougeuza ofisi, Daktari wa Kura alikuwa akipanga fomu, akainua ile ya darasa la tatu.

"Hii ndiyo bora kuliko zote," akasema. "Saa, maneno, kila kitu. Nataka itangulie kwenye ripoti. Wazee kumi na watano chumba kimoja! Hii haiwezi kupuuzwa."

Mtaalamu alikuwa hajalala siku mbili. Sifa zile zilimchoma kuliko tusi. "Yule wa kwanza ni mama yangu," akasema.

Mgeni yule akavua miwani. Hakuwa mtu mbaya. Alimshika bega, akamwambia pole, na pole ile ilitoka moyoni. Kisha akasema lile ambalo Mtaalamu mwenyewe angelisema kama angekuwa upande ule wa meza. "Basi fomu hii haiwezi kutumika. Yote. Ulikuwa na ndugu kituoni na hukusema. Wakijua, watasema tumeyatunga."

"Mtoe yeye tu. Wacha wale kumi na wanne."

"Unajua siwezi. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Akachora mstari mwekundu kutoka kona hadi kona. Alipomaliza hakumtazama. "Laiti ungeninyamazia," akasema.

Saa saba mchana Mtaalamu akawa nyumbani. Gari la uwanja wa ndege lilikuwa limeagizwa kumfuata kesho yake asubuhi. Alikuwa anangojwa nchi nyingine kufundisha waangalizi wapya.

"Karibu, bwana mwangalizi," mama akamlaki mlangoni. Akamvutia kiti chenye kitambaa, kile cha wageni. Akatoa sahani yenye maua, ambayo humo ndani haikuwahi kushuka kabatini kwa ajili ya mtoto wa nyumba. Mtaalamu alipoinuka kumpokea beseni la kunawia, mama akalivuta pembeni. "Keti, baba. Kanuni hairuhusu kugusa."

"Mwache ale," dada yake akasema kutoka kizingitini. "Akimaliza atatuwekea alama. Chumvi ipo, ndiyo au hapana?"

Hakula. Akawaeleza habari ya fomu tangu mwanzo, na mstari mwekundu. Walimsikiliza bila kumkatiza, hata dada mtu.

"Kwa hiyo hata kwenye karatasi simo," mama akasema.

"Humo, mama."

"Na wale wenzangu?"

"Nao hawamo."

Mama akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa chumvi imekwisha dukani.

Dada yake akatoa karatasi iliyokunjwa, akaikunjua mezani na kalamu juu yake. Ilikuwa lalamiko la nesi kwa tume ya uchaguzi. "Wakala wake walimtoa, unajua, ulikuwepo. Anatafuta mtu mmoja tu aliyekuwa mle ndani na akakiona kidole cha mama. Nesi yuko mlangoni pa ofisi ya tume sasa hivi, anasubiri. Wanafunga saa kumi na leo ndiyo mwisho. Weka sahihi. Utaalamu wako uache nje, saini kama mtoto wa mtu."

"Nikisaini, kazi imekwisha. Siyo hii tu, zote. Hakuna shirika litakalonichukua tena."

"Na usiposaini?"

Akaisogeza kalamu ilingane na ukingo wa karatasi.

"Usimlazimishe," mama akasema huku akiinuka kwa kushika meza. "Kura ni siri na ni hiari, si ndivyo wanavyofundisha? Mimi nakwenda kujinyoosha. Miguu yangu bado iko kwenye ile foleni."

Akaingia chumbani, akarudishia mlango. Haikuchukua muda wakasikia pumzi zake za usingizi.

Dada mtu akakusanya vitana vyake kwenye mkoba. "Nina mteja nimemwacha nusu kichwa. Karatasi hiyo, kalamu hiyo. Ofisini ni dakika ishirini kwa mguu, ukitembea kama mtu mwenye haja."

"Sijalala tangu juzi, dada. Acha nipumzishe macho kidogo. Niamshe saa tisa."

"Mimi nakwenda saluni. Tafuta mwingine."

"Basi nitaamka mwenyewe."

Dada yake akamtazama. "Utaamka," akasema, akaenda zake.

Mtaalamu akabaki peke yake na sahani yenye maua. Akatoa simu mfukoni, ilikuwa saa nane na dakika kumi. Simu ile ina kengele. Asubuhi zote humo safarini humwamsha yeye na hata wa chumba cha pili. Akaiweka juu ya karatasi isipeperushwe na upepo. Kengele hakuitega. Akajiegemeza kwenye kiti cha wageni, akasikiliza mama yake anavyokoroma kidogo upande wa pili wa ukuta, akavua viatu, akavipanga vizuri pamoja, na akalala.